Umeme ukikatika, pampu ya moyo hufanyaje? Jibu kwa msomaji anayetaka kumleta kaka yake Tanga

"Kaka yangu ana miaka 54 na ninaishi naye Columbus, Ohio. Mwaka jana alipandikizwa pampu ya moyo aina ya HeartMate 3, na sasa anatembea, anapika na anakwenda msikitini mwenyewe. Mama yetu yuko Tanga, ni mzee, hawezi kusafiri, na kaka amesema lazima amwone. Ninachoogopa ni umeme. Nyumbani kwa mama umeme hukatika bila taarifa, pengine usiku kucha. Ndugu wamejitolea kununua jenereta kubwa inayojiwasha yenyewe ili kaka achomekwe hapo muda wote. Mwingine anauliza kwa nini asiwekewe mfumo wa kuchaji bila waya, kama simu, ili ile kebo inayotoka tumboni iondolewe kabisa. Je, umeme ukikatika kwa dakika moja tu, moyo wake utasimama? Na safari hii inawezekana kweli?"

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki. Kaka yako anategemea mashine, mashine inategemea umeme, na umeme wa Tanga si wa kutegemewa kila saa. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni vifaa tiba, ningekuomba uipunguze hofu hiyo upande wa gridi na uiongeze kidogo upande mwingine, yaani upande wa vitu vilivyo kati ya chanzo cha umeme na pampu, pamoja na mikono inayovishika. Huko ndiko matatizo makubwa ya mashine hizi yalikotokea mara nyingi, na huko ndiko mnakoweza kufanya jambo la maana kabla ya safari.

Nianze na swali la dakika moja. Hapana, umeme wa mtaa ukikatika kwa dakika moja pampu haisimami. Kaka yako huwa katika hali moja kati ya mbili: ama anatumia betri mbili za volti 14 anazovaa mwilini, ama ameunganishwa na kifaa kilichochomekwa ukutani. Akiwa kwenye betri, mtaa mzima unaweza kukaa giza kuanzia magharibi hadi alfajiri na pampu isijue lolote. Akiwa kwenye umeme wa ukutani na ukakatika ghafla, kidhibiti, yaani kile kisanduku anachovaa kiunoni, kina betri ndogo ya akiba ndani yake inayoendesha pampu kwa angalau dakika 15 huku kikipiga kengele ya kumwamsha yeyote aliye karibu. Dakika hizo ni za kuhamia kwenye betri kubwa, kazi ambayo mtu aliyefunzwa huimaliza bila haraka. Hatari iko pale kengele inapolia na hakuna anayeisikia, au anayeisikia hajui la kufanya.

Jambo la pili ambalo familia nyingi hulikosea ni kudhani kuwa pampu hii inahitaji umeme mwingi. Kusukuma lita tano za damu kwa dakika dhidi ya shinikizo la kawaida la mwili ni kazi ya takriban wati moja tu. Kwa sababu hakuna mota isiyopoteza nishati, na kwa sababu rota ya HeartMate 3 huelea ndani ya uga wa sumaku bila kugusa ukuta wa pampu, huku ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, pampu yenyewe hula takriban wati 4 hadi 6. Ukijumlisha na kidhibiti, unapata mzigo usiotofautiana sana na balbu ndogo ya LED ya sebuleni. Kwa hiyo jenereta kubwa haimpi kaka yako usalama mkubwa. Anachohitaji ni umeme mdogo usiokatika hata kidogo, na umeme wa namna hiyo hutoka kwenye betri nzuri, zilizojaa, zilizo karibu na mkono.

Kwa nini usikatike? Moyo wenye pampu hii mara nyingi bado unapiga, lakini kwa udhaifu. Pampu za mtiririko endelevu kama hii, zinazosukuma damu mfululizo bila kupiga kama moyo, hazina vali ndani yake, kwa hiyo zikisimama, damu iliyokwisha kufika kwenye mshipa mkuu hupata njia ya kurudi nyuma kupitia pampu hadi kwenye chumba cha moyo ilikotoka. Moyo dhaifu hulazimika kusukuma damu yake yenyewe pamoja na ile iliyorudi. Wagonjwa wengine huvumilia hali hiyo kwa muda, wengine huzimia mara moja. Kisha damu iliyotuama ndani ya pampu huanza kuganda, na ndiyo maana pampu iliyosimama kwa dakika kadhaa haiwashwi tena kiholela: donge likisukumwa kuelekea kwenye ubongo huleta kiharusi. Kuna pampu nyingine, HVAD, ambayo kampuni ya Medtronic iliacha kuiuza mwezi Juni 2021, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba baadhi ya pampu hizo zikishasimama zilichelewa au zilishindwa kuwaka tena. Kaka yako hana pampu hiyo, lakini wahandisi wote wa fani hii walijifunza kwamba kusimama kokote, hata kwa muda mfupi, ni jambo la kuzuiwa tangu mwanzo.

Sasa tufuate njia ya umeme kwa ukaribu. Betri mbili, kila moja na kishikizo chake, huingia kwenye kidhibiti kwa nyaya mbili, mmoja mweupe na mwingine mweusi. Kila waya unaweza kubeba mzigo wote peke yake, na hiyo ndiyo sababu betri hubadilishwa moja baada ya nyingine, kamwe si zote mbili kwa pamoja. Mtazame kaka yako anapofanya kazi hiyo. Anachukua betri mpya, anabonyeza kitufe kilicho juu yake na kuhakikisha taa zote nne za kijani zinawaka. Anatoa betri moja tu iliyotumika, na kidhibiti kinalia kumkumbusha kuwa upande mmoja hauna umeme. Analinganisha mshale wa betri na ule wa kishikizo, anasukuma mpaka inakaa, anaivuta kidogo kuona kama imeshika kweli, anangoja mlio unyamaze, ndipo anagusa ya pili. Kuvuta huko kidogo huonekana ni jambo dogo, lakini ndiko kunakotofautisha betri iliyoingia na betri iliyoegemea tu.

Kutoka kwenye kidhibiti hutoka kebo moja inayopenya ngozi ya tumbo hadi kwenye pampu. Hapo ndipo penye udhaifu wa kweli, kwa kuwa kebo ni moja na pampu ni moja. Watengenezaji walijitahidi kwa kuweka nyaya sita ndani yake, mitatu yenye pacha zake, ili mmoja ukikatika mwenzake aendeleze kazi. Katika HeartMate II, mtangulizi wa pampu ya kaka yako, palizuka tatizo lililowasumbua wengi: waya wa ndani ulichubuka kwa kukunjwakunjwa miaka mingi, ukagusa wavu wa chuma unaouzunguka. Mgonjwa akiwa kwenye betri hakuona lolote, kwa sababu mfumo wote ulikuwa hauna njia ya kwenda ardhini. Akichomekwa ukutani, kwenye umeme wenye waya wa ardhi, njia ile ilikamilika na pampu ikayumba au ikasimama. Fikiria familia inayoambiwa kwamba ukutani ndiko kwenye usalama, kumbe ukutani ndiko pampu inakosimama. Wengine walilazimika kuishi kwa betri peke yake, au kupewa kebo maalumu isiyounganishwa na ardhi, hadi ufumbuzi upatikane.

HeartMate 3 ilipunguza balaa hilo kwa njia mbili. Vifaa vya kielektroniki vinavyoongoza mota vimehamishiwa ndani ya pampu yenyewe, na sehemu ya kebo iliyo nje ya mwili imefanywa kipande kinachoweza kubadilishwa bila upasuaji. Kwa maoni yangu kile kipande cha nje ni mojawapo ya maboresho yenye heri kubwa katika historia ya pampu hizi, kwa sababu sehemu inayokunjwa, inayobanwa na mlango wa gari na kuvutwa na kidhibiti kilichoanguka sasa inaweza kutupwa na kuwekwa nyingine. Hata hivyo kipande cha ndani hakina mbadala rahisi. Kidhibiti kikianguka na kuning'inia kwenye kebo, kinaweza kuumiza waya, na zaidi ya hapo kinachana ngozi iliyokwisha kushikamana na kebo, na jeraha hilo ni mlango wa vijidudu. Kaka yako akivaa kanzu au shuka nyumbani, kidhibiti kiwe kwenye mkanda wake siku zote, kisiwekwe mapajani wala kitandani pembeni.

Kuna fundisho jingine ambalo ningependa lisipite. Mwaka 2014, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliweka katika daraja la juu la hatari tatizo la kidhibiti cha mfukoni cha HeartMate II, baada ya baadhi ya wagonjwa kuumia na hata kufariki walipokuwa wakihama kutoka kidhibiti kimoja kwenda cha akiba wakiwa mbali na hospitali. Wengi wao walikuwa wamezoea modeli ya zamani kisha wakapewa mpya. Umeme ulikuwapo. Betri zilikuwa zimejaa. Kilichoshindikana ni kuunganisha kebo sawasawa, kwa wakati, mikono ikitetemeka. Ndiyo maana hospitali husisitiza kwamba kidhibiti kisibadilishwe nyumbani bila kuongea kwanza na timu, isipokuwa pampu imekwisha kusimama.

Nije kwenye jenereta. Nawashukuru ndugu zako kwa moyo wao, lakini nakusihi msimchomeke kaka yenu kwenye jenereta. Jenereta ya nyumbani hupandisha na kushusha volti kila friji inapowaka, huchelewa sekunde kadhaa kujiwasha, huishiwa mafuta saa tisa usiku, na aghalabu waya wake wa ardhi haukufungwa na mtu yeyote. Ichomekeeni chaja, msimchomeke mtu. Chaja ya betri hizi ina nafasi nne na huhitaji hadi saa nne kujaza. Jozi moja iliyojaa inaweza kumwendesha hadi saa 17, ingawa muda hutegemea kasi aliyopangiwa na umri wa betri. Kwa hiyo saa nne za jenereta kwa siku, au za paneli ya jua yenye betri yake na inveta nzuri inayotoa wimbi laini, zinajaza jozi mbili, na jozi mbili ni zaidi ya siku nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, chaja ndiyo inayosubiri. Kaka yako anaendelea kuzungumza na mama yake.

Usisahau pia kwamba huko Tanga umeme huzimika kwa sababu nyingine isiyo na uhusiano na gridi: Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, kuisha. Uniti ziangaliwe kila jioni kama mtu anavyoangalia mlango kabla ya kulala. Kisha kuna swichi za soketi. Nyumba za Marekani kwa kawaida hazina swichi kwenye kila soketi; zetu zinazo, na mtoto anayepita au mgeni anayetaka kuchaji simu anaweza kuizima bila kujua. Maelekezo ya mtengenezaji yanakataza kutumia soketi inayoongozwa na swichi ya ukutani, na yanakataza pia ekstensheni pamoja na plagi isiyo na waya wa ardhi. Kwa hiyo mwiteni fundi umeme mwenye leseni mapema, apime waya wa ardhi wa nyumba ya mama, maana nyumba nyingi za zamani za pwani zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la ardhi haliendi popote. Na kwa kuwa Marekani ni volti 120 na Tanzania ni volti 230, waya wa kuchomekea na uthibitisho wa kwamba vifaa vyake vinakubali volti hizo vitoke hospitalini kwa maandishi, si kwa muuza adapta wa mtaani.

Suala la usiku ni gumu, na sitalirahisisha. Kawaida mgonjwa hushauriwa kulala akiwa kwenye umeme wa ukutani, kwa kuwa aliyelala fofofo anaweza asisikie betri ikilia kwamba inakaribia kwisha. Lakini ushauri huo unachukulia kwamba umeme wa ukutani upo usiku kucha. Mahali ambapo unakatika mara tatu kabla ya alfajiri, kila mkato humwacha na dakika zile 15 za akiba, naye lazima aamke na kuhama. Kulala na jozi mpya iliyojaa, iliyowekwa saa nne usiku, humfikisha asubuhi kwa nafasi kubwa, mradi betri si chakavu na kuna mtu wa pili chumbani aliyeweka saa ya kumwamsha aiangalie. Mimi naegemea upande wa betri katika mazingira ya mama yenu, lakini nisingependa mfanye hivyo kwa neno langu. Iulizeni timu ya Ohio swali hili hasa, kwa maneno haya haya, kwani wao wanajua kasi ya pampu yake na muda ambao betri zake hudumu kweli. Betri hizi zina ukomo pia, takriban mizunguko 360 ya kuchaji au miaka mitatu. Zilizokaribia ukomo zisisafiri.

Kuhusu kuchaji bila waya, ndugu yako hakuuliza jambo la kipuuzi. Wazo ni la miaka mingi. Koili moja, yaani waya uliozungushwa mviringo, huwekwa chini ya ngozi na nyingine juu yake. Mkondo unaobadilika katika koili ya nje huzalisha uga wa sumaku unaopenya ngozi na kuamsha umeme katika koili ya ndani. Pampu ya LionHeart ilipandikizwa hivyo Ujerumani mwaka 1999, na moyo bandia kamili wa AbioCor ukafuata mwaka 2001 huko Louisville, Kentucky. Mwezi Desemba 2018, mjini Astana, Kazakhstan, wagonjwa wawili walipandikizwa pampu ya Jarvik 2000 yenye mfumo wa kampuni ya Leviticus, wakapata saa kadhaa kwa siku za kuwa huru bila kifaa chochote nje ya mwili. Hata hivyo, hakuna mfumo wa namna hiyo ninaoweza kukuambia uende ukauombe hospitalini leo kwa ajili ya kaka yako.

Sababu ni ya kihandisi. Koili za nje zikisogea kidogo kutoka mahali pake, umeme unaopita hupungua. Nishati inayopotea hugeuka joto, na tishu za mwili hazivumilii joto. Na zaidi ya yote, kidhibiti na betri vinahamia ndani ya mwili. Leo kaka yako kidhibiti chake kikiharibika anabadilisha kwa mikono yake. Kikiwa kifuani, anahitaji chumba cha upasuaji. Mfumo usio na waya unaahidi kupunguza maambukizi ya pale kebo inapotoka, na ahadi hiyo ni kubwa, lakini kwa upande wa uhakika wa umeme unaondoa hatari moja na kuleta nyingine zilizojificha. Palikuwa pia na njia ya kati: huko Oxford mwaka 2000, Peter Houghton aliwekewa Jarvik 2000 ambayo umeme wake uliingia kupitia kichomeo kilichofungwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi haivutwivutwi kama ya tumbo, naye akaishi nayo zaidi ya miaka saba. Kwa vyovyote, kebo aliyonayo kaka yako sasa haiondolewi ili kuwekewa mfumo mwingine kwa sababu ya safari. Itunzeni.

Sasa, je, aende? Kwa maoni yangu safari inawezekana ikiwa timu yake inaridhia na ikiwa mtu wa pili aliyefunzwa anasafiri naye na kulala nyumba moja naye. Hilo la pili nalishikilia kuliko jenereta, kuliko paneli, kuliko chochote. Mtu huyo awe amebadilisha betri mbele ya muuguzi, awe amefanya zoezi la kubadilisha kidhibiti kwa kifaa cha mafunzo, na alifanye tena taa zikiwa zimezimwa. Ikiwa wewe huwezi kusafiri na hakuna mwingine aliyefunzwa, ningekuambia muahirishe hadi apatikane, hata kama mama anangoja.

Kutoka Columbus hadi Tanga, ukihesabu kungoja viwanjani na ile barabara ya takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam, ni zaidi ya saa 24, kwa hiyo jozi moja haitoshi na jozi mbili ni chache mno. Chukueni zote alizonazo. Betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, haziingii kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, na shirika la ndege lijulishwe mapema kwa barua ya daktari. Kidhibiti cha akiba kiwe mkononi pia. Garini msiache betri juani, kwani zimetengenezwa kufanya kazi hadi takriban nyuzi joto 40, na gari lililofungwa Tanga mchana hupita hapo upesi. Baharini asiingie hata magotini akiwa na vifaa hivi. Upepo wa ufukweni unamtosha.

Kabla ya kuondoka, timu ya Ohio iwasiliane na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na msichukulie kuwa vipuri vya pampu hii vitapatikana huko au kwamba Hospitali ya Bombo ya Tanga imewahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Akiwa Tanga, mambo yafuatayo hayangoji hadi kesho: alama ya moyo mwekundu kwenye kidhibiti, kengele ya mfululizo isiyonyamaza baada ya kubadilisha betri, namba ya wati kupanda bila sababu, mkojo wa rangi ya chai nzito, maneno kuvurugika au upande mmoja wa mwili kulegea, na usaha, wekundu au maumivu pale kebo inapotoka. Pigeni simu Ohio kwanza mkiwa njiani kuelekea hospitali, si mkiwa mmekaa. Na kwa kuwa muuguzi atakayempokea anaweza kushika mkono wake asipate mapigo, na mashine ya kawaida ya shinikizo la damu ikakataa kusoma, kaka yako awe na barua fupi ya Kiswahili iliyosainiwa na daktari wake, ikieleza kwamba mtu huyu anaweza kuwa hai na timamu bila mapigo ya kuhisika, kwamba kebo isikatwe wala kuchomolewa, na ni namba gani ipigwe saa yoyote. Barua hiyo ikae kwenye mfuko wa kidhibiti cha akiba, na nakala yake abaki nayo mama.